Acheni Kupiga Fomati Kompyuta Isiyowaka!

Najua nimepotea. Kazi hii ya kuandika programu ina misimu yake ya kukufungia ndani kama mwari, na siku ya kutoka unakuta huna hata hadithi ya kuwapa watu. Leo ninayo, tena ingali moto. Kama wewe ni fundi wa kompyuta na moyo wako ni mwepesi wa kuchukia, jipatie chai kwanza kisha ukae nasi.

Neno lenyewe ni hili: kompyuta ya mezani ambayo mara inawaka, mara haiwaki, HAITIBIWI kwa kupigwa fomati. Fundi anayemfomatia mtu mashine ya namna hiyo bila kupima chochote hajamtengenezea kitu. Amemchomea nyumba ili kumfukuza panya, na panya mwenyewe yuko kwa jirani.

Sasa kisa.

Shangazi yangu anaishi Limuru. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22, na kwa kuwa zamani alikuwa karani, hesabu za chama anaziweka kwenye Excel. Nani ametoa ngapi, nani amekopa, nani bado. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba kutoka Uingereza, niliyomnunulia mimi mwenyewe mwaka 2019. Jina la kampuni iliyoitengeneza nalihifadhi, halina maana hapa.

Juni 2025 mashine ikaanza vituko. Asubuhi anabonyeza kitufe, feni inazunguka nusu mzunguko, inakufa. Anabonyeza tena, taa inawaka lakini skrini ni nyeusi tii. Mara ya tano au ya sita inashika, Windows inakuja kama kawaida, na siku nzima anafanya kazi bila tatizo. Kesho yake hali ni ile ile. Siku nyingine inawaka mara moja tu, unadhani imepona.

Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akasema, "Mama, Windows imekufa." Fomati, shilingi 1,500. Baada ya siku nane ugonjwa ukarudi. Fundi wa pili akasema ni virusi. Fomati tena, na programu ya kuzuia virusi juu yake, shilingi 2,500. Agosti ikarudi tena. Wa tatu akaja na habari mpya kabisa: ati kwa vile Windows 10 ingeachwa bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine "imeanza kukataa yenyewe", na dawa ni kununua nyingine yenye Windows 11. Anayo moja hapo dukani, kwa bahati! Huku mama akiendelea kutafuta pesa, akamfomatia ile ile kwa mara ya tatu, "angalau imsukume."

Faili la chama lilikuwa wapi? Kwenye diski ile ile. Fundi wa kwanza hakuuliza. Shangazi hakujua kwamba fomati inafuta. Yeye alidhani ni kama kufanyia gari sevisi. Na nakala ya akiba hakuna, na hapo lawama ni yangu, maana mimi ndiye mtaalamu wa ukoo na kwa miaka sita sikuwahi kumwekea hata flashi moja ya akiba. Nimeshajipiga kifua vya kutosha, tuendelee.

Alinipigia Jumapili jioni. Hakunipigia kwa sababu ya kompyuta. Alinipigia kwa sababu kwenye mkutano wa siku hiyo mama mmoja alisimama akauliza, kwa upole tu, inakuwaje hesabu za miaka zipotee mwaka huu ambao mweka hazina ameezeka nyumba upya. Wengine wakatazama chini. Mnajua ukimya wa aina hiyo. Shangazi yangu ana miaka 61, na hajawahi kuitwa mwizi hata kwa fumbo.

Turudi kwenye mashine, kwa sababu hasira yangu ina sababu ya kiufundi na nataka muifuate hatua kwa hatua.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, hukiongeleshi Windows. Kitufe kinagusanisha nyaya mbili kwenye ubao mama. Ubao mama unaiambia pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea stima ya volti 240 ukutani, "amka." Pawa saplai inaanza kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na zikitulia ndipo inarudisha ishara kwamba umeme uko sawa. Kwa kawaida ishara hiyo huja ndani ya nusu sekunde. Kabla haijaja, prosesa haitekelezi hata amri moja. Ikishakuja, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama, yaani Bayosi au mrithi wake UEFI, inaanza kukagua: prosesa ipo? Ramu ipo, inajibu? Kadi ya picha ipo? Wakaguzi hao wakiridhika ndipo inakwenda kwenye diski kuuliza kama kuna Windows ya kupakia.

Kwenye DISKI. Mwisho wa foleni yote hiyo.

Feni ikizunguka nusu na kufa, diski haijaulizwa lolote. Windows ingali imelala kwenye diski haijui hata kama kumekucha. Iwe imeoza, iwe ina virusi 400, iwe ni ya 1998, haiwezi kuzuia feni kuzunguka. Mgeni ambaye hajafika langoni hawezi kushtakiwa kwa kuvunja sahani jikoni.

Na kuna jaribio la dakika mbili la kuthibitisha hili, ambalo kila fundi mwenye bisibisi anaweza kulifanya. Zima, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa mashine, CHOMOA DISKI. Rudisha stima, washa. Mashine nzima bila diski inapaswa kuwaka, ikaguliwe, na mwisho ikuandikie kwamba haioni diski ya kuanzia. Ikiwa hata bila diski inafanya vituko vile vile, basi hakuna fomati duniani itakayoiponya, kwa sababu kile unachotaka kukifomati kiko mezani kimelala na mashine bado ni gonjwa. (Ikiwaka vizuri bila diski usikimbilie kusema ni Windows. Diski nayo inakula umeme ikianza kuzunguka, na pawa saplai dhaifu inaweza kuhema kwa mzigo huo. Lakini angalau umejifunza kitu.)

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu, nikalala Limuru. Usiku nikachomoa diski. Asubuhi saa kumi na mbili, baridi ya huko mnaijua, nikabonyeza kitufe. Feni nusu mzunguko. Kimya. Diski ilikuwa kwenye kiti kando yangu, imefungwa kwa taulo. Mara tatu ilifomatiwa na haikuwa na kosa lolote.

Sasa mtaniuliza: mbona kila ikitoka kwa fundi ilikuwa nzima? Swali zuri, na ndilo linalowaweka mafundi wa fomati mjini. Ugonjwa unaokuja na kuondoka humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu ulipoondoka. Homa ya mafua hupona yenyewe, lakini uliyemlipa ndiye utakayemsifu. Hapa palikuwa na zaidi ya bahati. Shangazi ni mwekevu. Kila usiku anazima swichi ya soketi ukutani. Kwa fundi mashine hukaa imechomekwa mchana kutwa, dukani kuna joto la mashine nyingine kumi, na anaiwasha saa tano asubuhi. Ugonjwa wa mashine ile ulikuwa ni wa BARIDI. Kwa fundi haukuwahi kupata nafasi ya kujionyesha, na fundi hakuwahi kuuliza, "Mama, inakataa saa ngapi?"

Swali hilo moja lingemwokolea shangazi hesabu zake.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja ambayo tunaivunja mara kwa mara lakini angalau tunaijua: hitilafu usiyoweza kuirudia kwa makusudi hujaielewa, na usiyoielewa usiseme umeirekebisha. Kwa hiyo nikampa shangazi daftari la kurasa 32 na kalamu, nikalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kila asubuhi aandike tarehe, saa, ameibonyeza mara ngapi ndipo ikawaka, usiku soketi ilizimwa au iliachwa, na kama stima ilipotea. Basi. Alinitumia picha ya ukurasa kwa WhatsApp kila jioni, kwa mwandiko wa karani hasa.

Siku 14. Ilikataa asubuhi tisa. Katika hizo tisa, soketi ilikuwa imezimwa usiku mara zote tisa. Asubuhi tano zilizobaki nilimwambia aache soketi ikiwa imewashwa, na zote tano iliwaka kwa kubonyeza mara moja. Mchana haikukataa hata siku moja. Hakuna mita, hakuna programu, hakuna cheti ukutani. Daftari la shilingi 20.

Hapo mshukiwa ni mmoja. Ndani ya pawa saplai kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni kulainisha umeme usiyumbe. Vingi vina maji maji ya kikemikali ndani, na miaka ikipita maji hayo hukauka. Kapasita iliyochoka ukinzani wake wa ndani hupanda, na kwenye baridi hupanda zaidi. Kisha kuna tawi moja la volti 5 ambalo hufanya kazi saa 24 mradi mashine imechomekwa, hata ikiwa imezimwa. Ndilo linalosubiri kitufe kibonyezwe. Kapasita za tawi hilo huzeeka mapema kwa sababu hazipumziki. Shangazi akiacha soketi ikiwa imewashwa, zinakaa na joto kidogo na zinaamka. Akizima usiku kucha katika Julai ya Limuru, asubuhi zimeganda kama mikono ya mchuma chai. Kila akibonyeza zinapata moto kidogo, mpaka ya tano au ya sita zinakubali.

Nilimulika tochi kwenye matundu ya pawa saplai na nikaona vichwa viwili vimefura kama mandazi. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa. Sikuifungua, na wewe usiifungue! Ndani mna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa, na unaweza kukuua. Nilikwenda na pawa saplai ya mashine yangu mwenyewe, nikaiweka. Siku saba, soketi imezimwa kila usiku, asubuhi saba zimewaka. Kisha nikarudisha ile ya zamani, shangazi akashangaa sana ("si ulishatengeneza?"), na kesho yake ikakataa. Hatua hii ya kurudisha ugonjwa watu huiruka, nami naisisitiza, maana kama kweli umepata chanzo lazima uweze kuuita na kuufukuza. Baada ya hapo tukanunua nyingine kwa shilingi 3,200.

Jumlisha mwenyewe. Fomati tatu na kile kizuia virusi ni zaidi ya bei hiyo, na ugonjwa ulibaki.

Msidhani kapasita mbovu ni jambo la mitumba na vichochoro. Mapema miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na tauni ya kapasita zilizofura na kuvuja kwenye ubao mama. Dell, kampuni kubwa ya Marekani, ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kubadilisha ubao mama, hasa wa OptiPlex GX270 na GX280. Nyaraka za kesi zilizofunguliwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 iliuza mashine zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa na hatari ya kuharibika hivyo. Na hapa ndipo ninapotaka mcheke, au mlie. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka huo wa 2010 kwamba idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika mashine zake zinakufa, kampuni ilijibu kwamba mmezichosha kwa kuzipigisha hesabu ngumu mno!

Sasa angalia. Kampuni yenye wahandisi maelfu na fundi wa kibanda cha mabati wamefanya jambo moja: hawajui, au hawataki kujua, basi kosa ni la mwenye mashine. Umeipigisha hesabu ngumu. Umeingiza virusi. Umekaa na Windows ya zamani.

Haya, washukiwa wengine kwa haraka, ili mtu asiseme kila kitu ni kapasita. Ramu ikilegea au miguu yake ikishika kutu unapata feni inazunguka, skrini nyeusi, na pengine milio kama mashine ina kipaza sauti. Zima, chomoa stima, itoe, isugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, irudishe mpaka ikae. Mombasa na Malindi, kwa hewa ya chumvi, hili ni la kila mwaka. Kitufe chenyewe cha kuwashia kinaweza kuwa kimechoka: chomoa waya wake kwenye ubao mama na ugusanishe zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, ikiwaka kila mara, umepata mgonjwa wa shilingi 100. Ekstensheni iliyoungua ndani, ile inayobeba kompyuta, friji na pasi kwa pamoja, jaribu bila yake kabla hujafungua skrubu hata moja. Na beteri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye ubao mama, CR2032, ikifa mashine husahau tarehe na mipangilio. Huyu ni mchekeshaji: tarehe ikirudi mwaka 2009, kivinjari kinakataa kufungua benki yako kikisema muunganisho si salama, kwa kuwa vyeti vya tovuti vinaonekana bado havijaanza. Fundi anasema virusi. Beteri ya bei ya chapati chache!

Je, kuna wakati kosa ni la programu kweli? Upo, sikatai. Ikiwa nembo ya Windows inatokea na kuzunguka bila mwisho, basi tumefika kwenye diski na mjadala ni mwingine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mtindo wa kuwaka haraka ambao ukizima mashine haizimi kabisa, inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi. Madriva mengine hayapatani nao, na mashine inakwama ikiwaka lakini ukiianzisha upya inakuwa sawa. Dawa ni kuuzima mtindo huo kwenye mipangilio ya umeme. Haihitaji fomati. Au diski yenyewe inakufa: soma rekodi zake za SMART, programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha kama kuna sekta zinazosubiri kuhamishwa. Na diski inayokufa ndiyo ya MWISHO kabisa kuiandikia Windows mpya juu yake. Unanakili kwanza. Hata hapa, unaona, fomati ni hatua ya mwisho, na ni baada ya mwenye mali kusema ndiyo.

Tena fomati inaua shahidi. Windows huandika matukio yake: tukio nambari 41 la Kernel-Power linasema mashine ilianza upya bila kuzimwa vizuri, na nambari 6008 linasema kuzima kwa mwisho hakukutarajiwa. Ukizikuta zimejaa, chunguza umeme. Usipokuta LOLOTE asubuhi ambayo mama anaapa mashine ilikataa mara tano, huo nao ni ushahidi, maana yake Windows haikuwepo wakati wa kukataa. Kila fundi alifuta kitabu hicho kabla hajakisoma.

Najua mafundi watanijibu nini, kwa sababu rafiki yangu mmoja ana kibanda na alinijibu hapo hapo. "Wewe unakaa kwa ofisi unalipwa mwisho wa mwezi. Mimi nikimwambia mteja nitaikalia mashine siku tatu kuichunguza, na kuchunguza ni shilingi 800, ananiambia mbona jirani anafomati kwa saa moja?" Ana haki, na sitamwongopea. Sisi wateja tunalipia kinachoonekana. Tukiona Windows mpya, rangi mpya, ikoni zimepangwa, tunatoa pesa na kushukuru. Fundi akisema "nimeipima, si programu, ni umeme, leta shilingi 800," tunamwita tapeli. Tumewafundisha kudanganya kwa pochi zetu. Na zile kozi za miezi mitatu zinamfundisha kijana kuweka Windows na Office, zinampa cheti, hazimpi mita mkononi hata siku moja. Atajuaje?

Lakini bwana, hapo ndipo huruma yangu inapokoma. Kutojua ni jambo moja, kufuta mali ya mtu bila kumwuliza ni jingine. Swali "kuna kitu cha muhimu humu?" halihitaji mita wala siku tatu. Tena nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ndani yake kufuta na kuharibu taarifa za watu kunahesabiwa kuwa ni kuzishughulikia, sawa na kuzikusanya. Majina ya akina mama 22 na madeni yao ni taarifa za watu. Wenye vibanda wanadhani sheria ile ni ya mabenki.

Kwa hiyo msomaji, ukifika kwa fundi na mashine ya mara-inawaka-mara-haiwaki, mwambie kabla hajagusa kibodi: ichomoe diski kwanza uiwashe mbele yangu. Akikataa, beba mashine yako. Akikubali, mlipe hata kama hajapata kitu, kwa sababu huyo ndiye unayemtafuta. Na nenda na daftari lako la saa na siku. Mashine ambayo haikatai mbele ya fundi haiwezi kujieleza yenyewe, ni wewe utakayeisemea.

Mmeniuliza kuhusu faili la chama. Fomati ya haraka haifuti data yenyewe, inafuta orodha ya mahali zilipo. Baada ya fomati ya kwanza, diski ile ya kuzunguka ingechomolewa hapo hapo pengine tungepata karibu vyote. Lakini baada ya fomati huja Windows mpya, na Windows mpya ni gigabaiti nyingi zinazoandikwa juu ya za zamani. Mara tatu. (Na ingekuwa SSD, amri ya TRIM ingeshasafisha mapema.) Nilinakili diski nzima kwanza, kisha nikaiachia PhotoRec usiku mzima ichambue nakala. Ilitoa maelfu ya vipande visivyo na majina. Nilifungua faili za Excel moja moja siku mbili. Nikapata hesabu za chama za 2021 na za nusu ya 2022. Baada ya hapo hakuna.

Kilichobaki walikifanya akina mama wenyewe. Jumapili nne walikaa sebuleni kwa shangazi na simu zao, kila mmoja akisoma jumbe zake za M-Pesa kwa sauti, na shangazi akiandika. Pesa zilipatana, isipokuwa shilingi 1,350 ambazo hakuna aliyejua ni za nani, na shangazi akazilipa kutoka mfukoni mwake ingawa nilimkataza. Yule mama aliyeuliza swali la paa alikuja Jumapili mbili za kwanza, akasoma jumbe zake, akanywa chai. Siku hizi anatuma mchango wake kwa simu, haji kwenye mkutano.

Mashine inawaka. Daftari liko bado kwenye mguu wa meza, na shangazi anaendelea kulijaza kila asubuhi ingawa nimemwambia basi.